Diski ya Zamani Iliyo Kabatini Mwenu

RISALA YA WAFANYAKAZI WA KITUO CHA SALAMU, NYAKASANZA, MJINI BUNIA, KWA MRATIBU MPYA WA MFUKO, SIKU YA KUPOKEA SERVA MPYA

Mgeni rasmi, Madame Solange, mratibu wa Mfuko uliotujengea nyumba hii; Bwana Chef de quartier, mkuu wa mtaa wetu; watumishi wa Mungu wa makanisa na wa msikiti; majirani mliokuja na viti vyenu wenyewe kwa sababu vyetu havikutosha:

KARIBU

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi wenyeji wako tumeanza kupona tangu wiki iliyopita, tuliposikia unakuja. Tumefagia ua mara tatu kwa siku, tumepaka chokaa hata mawe ambayo hayakuomba, na Bijou wa mapokezi ameficha nyuma ya nyumba kila kitu kilichovunjika. Ukiona panang'aa, usidhani ndivyo tunavyoishi. Ni mapenzi tu ya kukupokea, na tunakuomba uyapokee.

Tuliambiwa risala isizidi kurasa mbili. Hii imezidi, tunaomba radhi. Aliyeiandika ni Joëlle, kwa kuwa ana mwandiko. Anayeisoma ni Emery, kwa kuwa ana kifua. Anayesemwa ndani yake kuliko wote ni mwenzetu Débora, mtunza mashine, ambaye alipiga kura asitajwe na akashindwa, kumi na moja kwa moja. Ndiye yule aliyekaa pembeni akitazama viatu vyake. Tutakayoyasema juu yake tumeyatoa katika daftari lake la kazi na kinywani mwake mwenyewe, wala hatukutia chumvi.

TULIKOTOKA

Kituo hiki kilianza miaka minne iliyopita katika chumba kimoja cha kupanga. Watu walikuwa wanaingia Bunia kutoka Fataki na vilima vya Djugu, mke kwa njia hii, mume kwa njia ile, simu zimeanguka porini, namba hazishikiki. Mtu alifika leo, kesho akaondoka kutafuta maisha Mahagi-Port au kwa wachimba dhahabu, na hakuwa na pa kumwachia mkewe neno. Amwachie jirani? Jirani naye alikuwa anakimbia. Ndipo tukaanza kuchukua salamu kwa sauti. Anayeondoka anakuja, anasema, sauti inawekwa. Anayetafutwa akifika siku yoyote, hata baada ya mwaka, anataja jina lake na la aliyemwachia, anasikilizishwa.

Mwanzoni Débora alikuwa anakaa chumbani pamoja na msemaji. Mgeni rasmi, wanaume wetu unawajua. Mtu aliyechunga ng'ombe tangu utoto, akatoa mahari kwa heshima, hawezi kumwambia mkewe neno tamu mbele ya mtunza mashine. Walikuwa wanasalimia kama wanaotangaza mnada: mimi mzima, ng'ombe wawili wamekufa, mwisho. Wake zao wakifika wanasikiliza, wanauliza, "Basi? Njo vile tu?" Yaani, ndiyo hayo tu?

Tukakaa, tukaweka desturi ambayo mpaka leo haijavunjwa. Débora anawasha mashine, anaonyesha pa kusemea, anatoka, anafunga mlango. Msemaji anabaki peke yake na ukuta. Akimaliza, Débora anaandika daftarini namba, jina la aliyesema, jina la anayeambiwa, na urefu wa salamu. Hasikilizi. Hakuna anayesikiliza isipokuwa yule aliyetajwa. Tangu siku hiyo salamu zilianza kurefuka, na kuna waliotoka mle ndani macho mekundu wakasingizia vumbi.

TULICHOWEZA

Hadi mwezi wa kumi mwaka jana tulikuwa tumechukua salamu elfu moja mia moja arobaini na sita. Mia saba na mbili zilikuwa zimewafikia wenyewe. Hatuna mizani ya kupima jambo hilo, ila tunaweza kukusimulia moja. Mama mmoja wa Boga alisikiliza salamu ya dadake, akaomba arudiwe, akarudiwa mara nane, na mara ya tisa akaanza kumjibu. Walibishana mle ndani kuhusu sufuria ya marehemu mama yao mpaka Bijou akaingia akidhani kuna ugomvi. Wale madada leo wanakaa pamoja hapa hapa Bunia, na sufuria wanayo.

Mfuko wako ulipoona kazi hii ulitupa nyumba, jenereta, na serva, yaani ile mashine kubwa isiyo na kioo, iliyokaa chumba cha nyuma ikitunza sauti zote. Ukamtuma na fundi Orly kutoka Kinshasa, kijana mwenye akili na adabu, akaifunga kwa siku tatu. Ndani yake akaweka programu ya kutoa nakala. Kazi yake ni kuchukua salamu zote kila siku na kuziandika upya katika diski ya pili, ili ya kwanza ikifa, ya pili iwe imebaki. Programu hiyo haina dirisha la kufungua. Serva ikiwaka asubuhi nayo inaamka, inafanya kazi chinichini, na saa yake ikifika inaanza kunakili bila kuombwa. Orly alimwonyesha Débora nukta ndogo kwenye kompyuta yake ya mezani. Ikiwa ya kijani, alisema, programu iko macho.

Débora aliiangalia nukta ile kila asubuhi kabla hajavua koti. Miaka mitatu na nusu. Siku zote ilikuwa ya kijani.

KILICHOTUSHINDA

Mwezi wa kumi mwaka jana, siku ya Jumatatu, diski yenye salamu ilianza kugonga ndani kwa ndani. Kufika saa sita mchana ilinyamaza. Débora hakuogopa. Ametuambia mwenyewe kwamba alijiona mtu mwenye bahati, kwani si nakala zipo? Akachukua ile diski ya pili, akaifungua mbele yetu sote, nusu ya kujisifu.

Ilikuwa na wiki sita za mwanzo. Salamu za wiki sita, halafu hakuna. Akafunga, akafungua tena. Akatafuta pembeni, chini, kwenye kapu la taka la mashine. Emery akamwambia aende akanywe chai, akamjibu kwamba chai haijapotea. Hesabu yetu ya jioni ile ilikuwa hivi: salamu mia nne arobaini na nne zilikuwa bado zinangoja wenyewe, na kati yake thelathini na moja tu zilikuwa katika nakala. Mia nne kumi na tatu zilikuwa ndani ya diski iliyokufa na si mahali pengine popote duniani.

Baada ya wiki mbili, siku ya Alhamisi, akaingia Marie-Claire.

Mgeni rasmi, Marie-Claire ni mama wa Fataki. Walipokimbia alipotezana na mumewe Gaspard njiani, yeye akaishia kambini, mbali. Jirani yao Anaclet ndiye aliyemkuta huko akamwambia: Gaspard alipita Bunia, akakuachia neno kwenye kile kituo cha Nyakasanza, mimi nilimsindikiza mpaka mlangoni. Mama akatembea siku nne. Alifika miguu imevimba, akakataa kiti, akamsimamia Débora mezani.

"Bwana yangu aliniachia neno hapa."

Débora akatafuta daftarini, akiomba iwe ya zile wiki sita za mwanzo. Namba mia tisa sabini na saba. Gaspard, wa Fataki, kwa mke wake Marie-Claire. Mwezi wa sita. Dakika nne na sekunde kumi na mbili.

"Njo mimi huyu," alisema mama. "Niko tayari. Muniwekee."

Débora alimweleza. Alimweleza vibaya, kwa Kifaransa kingi, disque, sauvegarde, panne, kama mtu anayejificha nyuma ya maneno. Marie-Claire alisikiliza mpaka mwisho.

"Mulisema munachungaka sauti za batu," alisema, yaani tunatunza sauti za watu.

"Tunachungaka, mama."

"Basi, muniletee yangu."

Hakupandisha sauti. Débora anasema angepandisha ingekuwa nafuu. Mama akauliza kama kuna mtu yeyote aliyesikia Gaspard alisema nini, na Débora akalazimika kumweleza ile desturi yetu tunayojivunia, kwamba mlango unafungwa, kwamba hakuna anayesikia. Marie-Claire akaitika kwa kichwa. Akasema ni vizuri, Gaspard asingesema kitu mbele ya watu. Kisha akaomba aonyeshwe chumba.

"Alikaa hapa?"

"Hapa."

"Alikuwa naangalia wapi?"

"Ukuta, mama. Kuko ukuta tu."

Akakaa kwenye kiti kile, akauangalia ukuta, na Débora kwa mazoea akatoka akafunga mlango. Alipokuja kuufungua, muda ulikuwa umepita mrefu kuliko salamu yenyewe.

Jirani Anaclet anakumbuka jambo moja. Gaspard alipotoka chumbani siku ile alijifuta uso, akasema, "Nimemuelezea fasi atanikuta." Anaclet hakuuliza ni mahali gani. Nyakati zile mtu hakumwuliza mwenzake anakokwenda, na aliyeulizwa hakujibu. Kwa hiyo mahali alipo Gaspard panajulikana na watu wawili, yeye mwenyewe na diski ile. Marie-Claire amekwenda Mahagi-Port kwa kusikia kuna mtu wa Fataki anapakua samaki, hakuwa yeye. Amekwenda Boga, si yeye. Kaka yake anamwita akakae naye huko Boga, kuna shamba na nyumba, mama amekataa. Amepanga chumba nyuma ya kituo. Anasema siku sauti itakapopatikana hataki kuwa mbali tena. Kila Alhamisi anakuja, anakaa kwenye kile kiti, anaondoka.

Débora aliandika barua ya kuacha kazi. Tuliisoma, tukaifungia kwenye droo, tukamwambia droo imeharibika. Ndipo akaanza kutafuta kilichotuua. Majuto ni mjukuu, lakini mjukuu naye lazima ajue jina la babu yake.

Utafutaji wake ulikwenda hivi, na daftari lipo kwa anayetaka. Alifikiri nenosiri limebadilika, halikuwa limebadilika. Alifikiri diski ya pili imejaa; ilikuwa nusu tupu. Alifikiri kebo, akanunua kebo. Kisha akaweka diski nyingine ndogo mahali pa ile iliyokufa, na ili iwe na uzito wa kutosha kwa majaribio akaijaza video ya harusi ya Bijou, mara kumi na tano. Bijou anaomba ijulikane kwamba mume ni yule yule mara zote kumi na tano. Débora akaianzisha programu kwa mkono wake asubuhi: dakika arobaini na tatu, ikaandika Terminé, yaani imekwisha, nakala nzima, safi. Kesho yake tena kwa mkono: safi. Akaiacha ianze yenyewe kwa ratiba, na asubuhi yake hakukuta nakala mpya. Kwa mkono inafanya, yenyewe haifanyi. Wiki nzima alizunguka hapo kama mbuzi aliyefungwa kamba.

Akafungua kumbukumbu za programu, yale maandishi inayojiandikia yenyewe, ambayo hakuna aliyemwambia ayasome. Kila siku ya miaka mitatu na nusu kulikuwa na mstari mmoja: 16h00, Démarré. Imeanza. Imeanza. Imeanza. Baada ya zile wiki sita za kwanza hapakuwa tena na mstari wa pili. Programu ilikuwa haidanganyi. Ilikuwa inaanza kila siku, na sisi tulifurahia kuanza kwake.

Basi siku hiyo Débora, ambaye huondoka mapema kwa sababu kwao ni mbali, hakuondoka. Akapeleka kiti chumba cha nyuma, akaunganisha kioo kidogo kwenye serva, akangoja saa kumi za alasiri aone kwa macho yake. Saa kumi ikafika kwenye simu yake. Hakuna kitu kilichoanza. Saa kumi na robo, hakuna. Nukta ni ya kijani. Alibaki pale kwa hasira tu, anasema, hakuwa na matumaini tena, mpaka mlangoni akasimama Alphonse, mlinzi wetu.

Alphonse mnamwona pale langoni, mwenye kofia. Kamati ya kituo iliamua jenereta izimwe saa kumi na moja kamili, na tangu uamuzi huo Alphonse hajawahi kupitisha dakika. Kuna watu wa mtaa huu wanaorekebisha saa zao kwa ukimya wa jenereta yetu.

"Madame Débora, saa imefika. Nazima groupe."

"Ungoja kidogo, Papa Alphonse."

"Kungoja namna gani? Comité ilisema saa kumi na moja."

Akaenda akazima. Nyumba ikanyamaza. Serva haikuzimika papo hapo, kwa sababu kuna onduleur, kile kisanduku chenye betri kinachoishikilia dakika kumi na mbili ili isife ghafla. Na katika ukimya ule, mbele ya macho ya Débora, kioo kikaandika: 16h00, Démarré.

Alitazama simu yake. Saa kumi na moja. Alitazama kioo. Saa kumi.

"Papa Alphonse, ni saa ngapi?"

"Saa kumi na moja. Njo maana nimezima."

"Hiyi mashine inasema saa kumi."

Alphonse akaja, akainama, akasoma polepole. Yeye ni msikilizaji wa redio.

"Basi hiyi iko Kinshasa," alisema. "Radio njo inasemaka vile kila siku. Kule saa kumi, huku saa kumi na moja."

Ni hilo tu, Mgeni rasmi. Fundi Orly alifika kutoka Kinshasa na saa ya Kinshasa, kama mtu yeyote anavyosafiri na saa yake. Akaipangia programu saa kumi, akijua jenereta inazimwa saa kumi na moja, akituachia saa nzima ya usalama. Ila saa kumi ya mashine ilikuwa saa kumi na moja yetu, na kila siku nakala ilianza pale pale Alphonse alipokuwa anazima. Wiki sita za mwanzo salamu zilikuwa chache, zikaisha kunakiliwa ndani ya zile dakika kumi na mbili. Zilipoongezeka, hazikuisha tena. Serva ilizimika katikati, na asubuhi programu ilipoamka ilifuta kipande cha jana, ikangoja saa yake ianze upya. Sisi wa mashariki tumezaliwa na saa mbili, tunasahihisha redio kichwani bila kujua kwamba tunasahihisha. Hakuna aliyefikiri kwamba mashine inahitaji kusahihishwa vile vile.

Hatumlaumu Orly. Hatumlaumu Alphonse, ingawa mwenyewe alikaa siku mbili bila kula, akisema uaminifu wake ndio uliowamaliza wale watu. Jioni ile Débora alimwomba awashe tena kabla onduleur haijakata. Alphonse aliangalia saa yake, akaangalia uso wa Débora, akaenda kuwasha. Wakakaa wawili, mmoja kwenye kiti na mwingine kwenye ndoo, dakika arobaini na tatu, mpaka kioo kikaandika Terminé. Débora alilia sana. Alisema miaka yote hiyo ingetosha mtu mmoja kukaa pale jioni moja.

Leo saa ya serva ya zamani, inayotumia ile diski ndogo, ni ya Bunia. Nakala inaanza saa tano asubuhi, jenereta ikiwa inanguruma. Hatuangalii nukta tena. Kila Ijumaa mmoja wetu anaweka salamu ya majaribio, Débora anaitoa katika nakala, tunaisikiliza sote. Tunaisikiliza mpaka neno la mwisho. Kwa hiyo serva mpya uliyotuletea haitakufa kijinga, hilo tunakuahidi.

TUNACHOOMBA

Mgeni rasmi, tunakushukuru kwa serva mpya. Tunajua umetumwa uizindue, na kamba iko tayari, na mkasi umenolewa. Lakini tungekuwa wanafiki kama tungesema ndiyo tunayoiota. Tunayoiota ni diski ile iliyokufa.

Mwezi wa kumi na moja Débora aliipeleka ile diski Kampala, kwa fundi wa kazi hizo. Fundi akaifungua, akasema sahani zake za ndani ni nzima. Kilichovunjika ni mkono unaozisoma, na mkono unaweza kubadilishwa. Sauti zipo. Alituambia hivyo, kwa maneno hayo: sauti zipo. Alitaka tu barua ya mwenye mali, kwa sababu diski ina kibandiko cha Mfuko. Tukaomba barua. Badala ya barua ikaja kanuni: kifaa kikuukuu hurudishwa kwanza ndipo kipya kitolewe, na kile kikuukuu huvunjwavunjwa, ili siri za watu zisije zikaangukia mikono isiyofaa. Kanuni ni nzuri. Nasi tuliofunga mlango miaka yote ili tusisikie, tungeipinga vipi? Tukairudisha. Tuliandika barua tatu kueleza, na majibu tuliyopata yalisema suala linafuatwa. Wewe hukuwa bado umeingia ofisini, na hatukuhesabii hilo.

Diski iko hapa hapa Bunia, kwenye depo yenu, kabati la pili, rafu ya chini. Tunajua kwa sababu Alphonse ana shemeji anayefagia pale, na huwa anatuambia kwamba bado ipo. Orodha ya vifaa vya kuvunjwa imebandikwa ukutani. Diski yetu ni ya nne. Siku ni Ijumaa hii.

Ombi letu ni barua moja. Kwamba diski hiyo iondolewe kwenye orodha, ikabidhiwe Débora, apande nayo gari la Kampala, na asitoke karibu nayo mpaka irudi. Salamu zitafunguliwa na wenyewe tu, mmoja mmoja, mlango umefungwa, kama tulivyoapa.

Ujue pia kwamba rasimu ya kwanza ya risala hii ilikuwa na maombi tisa. Emery alitaka pikipiki ya kituo, maana anapeleka habari kambini kwa miguu. Bijou alitaka paa la mapokezi lizibwe, mvua inamnyeshea kwenye daftari la wageni. Joëlle alitaka kompyuta. Alphonse alitaka mabuti ya mvua, na amekuwa akiyataka tangu tuanze. Tulipokaa kuisoma, Alphonse akasimama, akasema angekuwa yeye ndiye mgeni anayeombwa mambo tisa, angechagua lililo rahisi, na mabuti ni rahisi. Akaomba yake yafutwe. Baadaye kila mmoja akafuta lake. Hakuna aliyelazimishwa. Tumebaki na hili moja, ili usiwe na la kuchagua.

Kati ya wale mia nne kumi na tatu, hatujui wangapi bado wanatafutana. Mmoja tunamjua.

KUFUNGA

Desturi ni kwamba msomaji akimaliza humkabidhi mgeni rasmi risala kwa mikono miwili. Leo tunaomba uturuhusu tuipindishe desturi. Atakayekuletea karatasi hizi ni Marie-Claire. Ndiye anayesimama sasa, safu ya nyuma, mwenye kitenge cha buluu. Chini ya risala kuna barua iliyokwisha pigwa chapa, mstari mmoja umeachwa wazi kwa sahihi yako, na kalamu imeshikizwa hapo.

Hatakuomba kitu kwa mdomo. Tulimwuliza kama angependa kusema neno mbele yako, akatujibu hivi, nasi tunalisoma kama alivyolisema: "Maneno yangu yote niko nachungia Gaspard. Nikianza kuyasema kwa batu bengine, nitafika kwake na nini?"

Mungu akurudishe salama nyumbani kwako, Mgeni rasmi, na akukutanishe na kila unayemkumbuka. Akupe siku ndefu, na asiruhusu mlango wowote ufungwe kabla hujapita.

Ni sisi,
Wafanyakazi kumi na wawili wa Kituo cha Salamu, Nyakasanza, Bunia.